Lumbesa ya kompyuta: nani analipa kilo zinazozidi?

Wakulima na wachuuzi wa viazi na vitunguu wanaifahamu vizuri lumbesa. Gunia hujazwa hadi kupita mdomo, likafumwa kamba juu, na bei ikabaki ileile ya gunia moja. Kilo zilizozidi hazimo katika bei wala katika risiti, lakini hazikushuka kutoka mbinguni. Yupo mtu aliyezilipa, na mara nyingi ni yule asiyekuwa na sauti wakati wa kupima.

Katika biashara ya kompyuta nako kuna lumbesa, ila imegeuzwa. Huku mlipaji ni mnunuzi. Anauziwa mzigo asiouomba, kisha anaambiwa gari lake ni dogo na anunue kubwa zaidi ili aubebe. Mzigo huo ni uzito wa mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kufungua faili, kuzungumza na printa na kuendesha programu nyingine zote.

Suala hili liliwafikia wafanyabiashara kwa kishindo tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10 uliotoka mwaka 2015. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni huitafuta kila siku. Waliotaka kuendelea kupata huduma walielekezwa kuhamia Windows 11, na hapo ndipo wengi walipogundua kwamba kompyuta zao, zinazofanya kazi bila tatizo, hazikubaliki.

Kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kukosa thamani sokoni kutokana na hatua hiyo. Kwa mwenye duka la jumla mwenye kompyuta tatu, takwimu hiyo ni ya mbali. La karibu ni kwamba fundi amekuja, ameangalia, na kusema mashine zote tatu zimepitwa na wakati. Mtaji uliokusudiwa kununua bidhaa sasa unaombwa ukanunue kompyuta.

La kujiuliza kabla ya kufungua pochi ni hili: je, mashine imechoka, au imebebeshwa kupita kiasi? Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina gharama yake.

KUTOKA MEGABAITI 4 HADI GIGABAITI 4

Takwimu za Microsoft yenyewe zinaonyesha safari ilivyokwenda. Windows 95, iliyoingia sokoni Agosti 1995, ilihitaji RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua megabaiti 4, na nafasi ya diski takriban megabaiti 50. Windows XP ya mwaka 2001 ilidai megabaiti 64 za RAM na gigabaiti 1.5 za diski. Windows 7 ya mwaka 2009 ilianzia gigabaiti 1 ya RAM na gigabaiti 16 za diski. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inaanzia gigabaiti 4 za RAM na diski ya gigabaiti 64.

Kwa maneno mengine, katika miaka 26 mahitaji ya chini ya RAM yameongezeka mara 1,024, na ya diski zaidi ya mara 1,000. Ikumbukwe kwamba hicho ni kiwango cha chini tu, sawa na kusema gari litawaka. Mtu anayetaka kufanya kazi bila kusubiri huhitaji zaidi ya hapo.

Swali la kibiashara ni kama kazi nayo imeongezeka mara 1,000. Karani aliyeandika ankara, akatunza leja na kuchapa barua kwa kompyuta ya mwaka 1995 leo bado anaandika ankara, anatunza leja na kuchapa barua. Ni kweli ameongezewa barua pepe, mikutano ya video na tovuti za benki na za mamlaka ya mapato, na picha anazotuma ni kubwa zaidi. Lakini hata mtu mkarimu kiasi gani hawezi kusema kazi yake imekua mara 1,000.

Mwanasayansi wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya kompyuta ya Pascal na kufariki Januari 2024, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1995, mwaka uleule wa Windows 95, aliandika makala katika jarida la kitaaluma la Computer akiomba programu nyembamba. Hoja yake ni kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko vyombo vinavyozidi kuwa vyepesi wa kazi, hivyo mnunuzi haioni faida ya chombo kipya. Wirth hakuishia kulalamika. Yeye na mwenzake Jürg Gutknecht walikuwa wamekwisha kujenga huko Zürich mfumo mzima uitwao Oberon, mdogo kiasi cha kuweza kusomwa na kueleweka na mtu mmoja.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Ni haki kuwasikiliza na wale wanaosema unene si tatizo. Mwandishi wa programu wa Marekani, Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi katika programu ya Excel, aliandika mwaka 2001 kwamba watu wanahesabu megabaiti wakati wanapaswa kuhesabu fedha. Kwa hesabu yake, Excel ya mwaka 1993 ilikalia nafasi ya diski yenye thamani ya dola 36 hivi kwa bei za wakati ule. Excel ya mwaka 2000, ingawa ni kubwa zaidi kwa megabaiti, ilikalia nafasi yenye thamani ya dola 1.03 tu, kwa kuwa bei ya diski ilikuwa imeporomoka. Aidha, alisema, ni kweli kwamba watu wengi hutumia sehemu ndogo ya programu, lakini kila mmoja hutumia sehemu yake tofauti. Ukiipunguza, utamkata kila mteja kitu anachokitegemea.

Hoja hiyo ina nguvu, na mfanyabiashara yeyote anaielewa. Duka lenye bidhaa nyingi halimlazimishi mteja kununua zote. Lakini ina kasoro moja kubwa. Inamfaa mtu anayenunua chombo kipya kila baada ya miaka michache, kwa bei ya kiwandani, katika nchi ambako chombo hicho ni sehemu ndogo ya kipato chake. Kwake yeye, megabaiti za ziada huja pamoja na diski ya bei nafuu.

Kwa mnunuzi wa kompyuta iliyotumika, hesabu ni nyingine. Hanunui megabaiti mojamoja. Kiwango cha chini kinapopanda na kuvuka uwezo wa mashine yake, hatozwi dola 1.03. Anatozwa mashine nzima, pamoja na nauli, ushuru, ufundi na siku za kazi zilizopotea. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikifurika, anayefuta meza ni mwenye meza.

NANI ANAFAIDIKA?

Uzito huu hautokani na uzembe wa waandishi wa programu peke yake. Kuna sababu za haki: programu za zamani lazima ziendelee kufanya kazi, printa za kila aina lazima zitambulike, na ulinzi dhidi ya wezi unahitaji nafasi yake. Lakini zipo pia sababu za soko, na hizo ndizo zinazopaswa kumvutia msomaji wa ukurasa huu.

Mfano bora umo katika kumbukumbu za mahakama ya Marekani. Kabla Windows Vista haijatoka Januari 2007, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kinachosema zinaiweza Vista. Wanunuzi wengi waligundua baadaye kwamba zinaiweza kwa shida, bila ule mwonekano mpya uliotangazwa. Wakafungua kesi. Barua pepe za ndani za Microsoft zilizotolewa mahakamani mwaka 2008 zilionyesha ofisa mmoja akieleza kwamba masharti ya kibandiko yalilegezwa ili kuisaidia Intel ifikie mapato yake ya robo mwaka kwa kuendelea kuuza vipande vya michoro vya toleo la zamani. Ofisa mwingine wa juu alilalamika kwamba kompyuta aliyoinunua kwa dola 2,100 imebaki kuwa chombo cha barua pepe tu. Mwaka 2009 jaji aliondoa hadhi ya kesi hiyo kuwa ya wanunuzi wote kwa pamoja, lakini barua hizo zilikwisha kusomwa na dunia nzima.

Mfano wa pili unahusu watengenezaji wa mashine. Kampuni ya Lenovo, katika baadhi ya kompyuta zake za mpakato za mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, iliweka programu iitwayo Superfish iliyokuwa ikipenyeza matangazo katika kurasa za intaneti. Mbali na kuichosha mashine, programu hiyo ilivunja kinga inayomlinda mteja anapowasiliana na benki yake. Mwaka 2017 Lenovo ilikubali kulipa dola milioni 3.5 kumaliza shauri na majimbo 32 ya Marekani. Programu za namna hiyo, ambazo mnunuzi huzikuta ndani ya mashine mpya bila kuziomba, huwekwa kwa sababu kuna anayelipia ziwekwe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

SOKO LIKIKATAA, UNENE HUPUNGUA

Wapo wanaodhani unene wa mifumo endeshi ni sheria ya maumbile, kama kupanda kwa maji ya bahari. Historia ya soko inaonyesha vingine.

Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa kompyuta ndogo ya mpakato iitwayo Eee PC, yenye RAM ya megabaiti 512 na nafasi ya gigabaiti 4 tu. Vista, iliyokuwa bidhaa mpya ya Microsoft wakati huo, peke yake ilidai gigabaiti 15 za nafasi tupu. Isingeingia hata kwa kusukumwa. Kwa hiyo Asus ilitumia mfumo wa Linux, ule uliotokana na kazi aliyoianza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Vijikompyuta hivyo vilinunuliwa kwa wingi, na washindani wakaiga.

Microsoft ililazimika kubadili msimamo. Wakati ikijiandaa kuiondoa XP madukani mwezi Juni 2008, ilitangaza mwezi Aprili kwamba itaendelea kuiruhusu kwa ajili ya mashine ndogo hadi mwaka 2010. Mfumo wa mwaka 2001 ulirudishwa kazini kwa sababu mrithi wake alikuwa mnene mno kuingia mlangoni. Windows 7 iliyofuata ilianzia gigabaiti 1 ya RAM, kiwango ambacho Vista kamili ilikuwa imekwisha kukidai, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikabaki hapohapo kwa toleo lake dogo. Miaka minane ikapita kiwango hicho bila kupanda. Aliyekizuia ni mteja aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kampuni ya Apple nayo iliwahi kupunguza mwili. Toleo lake la Snow Leopard la Agosti 2009 liliuzwa kwa dola 29 kwa ahadi ya kusafisha kilichokuwapo badala ya kuongeza vipya. Apple ilieleza kwamba toleo hilo lilikuwa nusu ya ukubwa wa lile lililotangulia na kwamba lingerudisha nafasi ya diski kufikia gigabaiti 7. Machi 2023 Microsoft yenyewe ilitangaza programu yake ya mikutano ya Teams iliyojengwa upya, ikisema ni mara mbili kwa kasi na inatumia nusu tu ya RAM ya ile ya awali. Mteja anayesikia habari hiyo ana haki ya kuuliza: kama nusu ingetosha, ile nusu nyingine iliyokuwa ikilipiwa miaka yote ilikuwa ya nani?

WEMBAMBA NAO UNA BEI YAKE

Kuna watu ambao, wakishafika hapa, hukimbilia kuhitimisha kwamba dawa ni mfumo mwembamba wa bure. Mifumo ya namna hiyo ipo na ni ya kweli. Puppy Linux, iliyoanzishwa Australia mwaka 2003 na Barry Kauler, huweza kuishi yote ndani ya RAM na kuiamsha kompyuta ambayo wengine wameitupa. Tiny Core haifiki megabaiti 30 pamoja na madirisha yake. Kwa ofisi ya kawaida, Debian, Linux Mint au Lubuntu ni mifumo kamili isiyotozwa leseni.

Hata hivyo, kitu cha bure si kitu kisicho na gharama. Vijikompyuta vilevile vya mwaka 2008 vinatoa fundisho. Kampuni ya MSI, iliyouza vya Linux na vya Windows, ilieleza mwaka huo kwamba vile vya Linux vilirudishwa dukani na wateja mara nne zaidi. Wateja walinunua bei, walipofika nyumbani wakakuta hawakijui walichokinunua.

Jiji la Munich la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows. Kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwa na mkono wake, lakini malalamiko ya watumishi kuhusu faili kutofunguka sawasawa na programu kutopatana yalisikika kwa miaka.

Mfanyabiashara wa hapa ana sababu zake za tahadhari. Programu za uhasibu zilizozoeleka kama Tally, na ile QuickBooks ya kufunga kwenye mashine, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Printa ya risiti na kifaa cha kusoma nambari za bidhaa huja na programu ya Windows ndani ya boksi. Fundi wa Windows yupo kila mtaa, lakini fundi wa Linux lazima aulizwe. Siku moja ya duka kusimama katikati ya mwezi wa sikukuu inaweza kula akiba yote iliyopatikana kwa kukwepa leseni.

Kadhalika, unene wenyewe umehama makazi. Mfumo uitwao Damn Small Linux ulijipatia jina miaka ya 2000 kwa kujibana ndani ya megabaiti 50. Ulipofufuliwa mwaka 2024, mpaka wake mpya ulikuwa megabaiti 700, ukubwa wa CD moja. Sababu kubwa ni vivinjari vya intaneti, ambavyo vyenyewe vimekuwa sawa na mifumo endeshi. Mtu anaweza kufunga mfumo mwembamba kuliko yote, akafungua kivinjari chenye kurasa kumi, na RAM ikaisha vilevile.

Lakini habari hiyo ina upande mzuri pia. Ikiwa kazi zote za mtu hufanyika ndani ya kivinjari, yaani barua pepe, benki, marejesho ya kodi na oda za wateja, basi mfumo ulio chini yake haumhusu sana. Mtu huyo ndiye anayeweza kuhamia wembamba kwa gharama ndogo. Mwenye Tally asimwige.

USALAMA SI MAFUTA YA KUKATWA

Jambo moja lisiingizwe katika mzaha wa unene, nalo ni usalama. Windows 11 inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na orodha yake ya prosesa za Intel, isipokuwa chache mno, inaanzia kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha saba na RAM ya gigabaiti 8, mara mbili ya kiwango cha chini kinachotakiwa, hukataliwa. Hapo tatizo si uzito. Mashine ina nguvu za kutosha, imekosa kibali. Microsoft inasema ni kwa ajili ya ulinzi wa mteja. Wakosoaji wanasema kibali hicho kimewanufaisha wauza mashine. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Lakini kubaki na mfumo usiopata marekebisho na kuendelea kuingia benki kwa mashine hiyo si ujasiri wa kibiashara. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za serikali nchini Uingereza zilikuwa miongoni mwa waathirika, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ikakadiriwa kufutwa. Kiraka cha mwanya huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft miezi miwili kabla kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Waliodhurika ni wale ambao hawakukiweka na wale ambao mifumo yao haikuwa ikipewa tena.

Kwa Windows 10, Microsoft ilitangaza njia ya kununua muda. Watumiaji binafsi waliwekewa dola 30 kwa huduma ya hadi tarehe 13 Oktoba 2026, au njia za kuipata bila fedha kwa masharti. Makampuni yaliwekewa dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, bei inayoongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Hiyo ina maana ya 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine moja. Mwenye ofisi ya mashine kumi anatazama dola 610 mwaka wa kwanza na dola 4,270 kwa yote mitatu. Mwaka mmoja unaweza kuwa na maana kama daraja. Miaka mitatu kwa mashine ya mtumba ni kununua kamba kwa bei ya ng'ombe.

MITUMBA ITAKAYOSHUKA BANDARINI

Wafanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, na wenzao wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi, wanajua kwamba kompyuta nyingi zinazouzwa huku zimeanza maisha yao katika ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Ofisi hizo zikiziondoa mashine za Windows 10 kwa pamoja, ni jambo la kutarajiwa kwamba sehemu yake itatafuta soko huku kwa bei ya kuvutia.

Hiyo inaweza kuwa neema au mtego, kutegemea mnunuzi anauliza nini. Muuzaji atataja RAM, diski na prosesa. Swali la ziada ni kama mashine inapokea Windows 11 kihalali, kwa orodha ya mtengenezaji na si kwa ujanja wa fundi. Kama haipokei, bei yake iwe ya mashine ya Linux au ya kazi isiyo na intaneti, isiwe ya kompyuta ya ofisi. Kuna mafundi wanaoweza kulivuka geti hilo, lakini Microsoft imeonya kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata marekebisho. Mnunuzi aliyelipa bei kamili amenunua gunia lenye majani katikati.

Waagizaji nao wana la kuangalia. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za umeme zinazovuka mipaka, ziwe za hatari au la, zipate kwanza ridhaa ya nchi zinakokwenda. Kompyuta nzima inayofanya kazi ni bidhaa, lakini kontena lililochanganywa mbovu na nzima linaweza kuhesabiwa kuwa taka. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mashine iliyotupwa kwa sababu ya programu huingia katika lundo hilo ikiwa bado inapumua.

MALI BILA DAFTARI

Mfanyabiashara mwenye busara hatahama kwa sababu ya hofu wala hatabaki kwa sababu ya ubahili. Ataandika. Kila mashine ipewe mstari wake: inafanya kazi gani, inaingia intaneti au haiingii, inategemea programu gani isiyokubali mfumo mwingine, na ikisimama siku moja duka linapoteza kiasi gani.

Mara nyingi mistari hiyo itajigawa yenyewe. Mashine ya uhasibu inayotegemea programu ya Windows ibadilishwe kwanza, kwa mashine inayokubalika, kwa sababu hapo ndipo mali ilipo. Mashine ya kaunta inayotumia kivinjari tu ijaribiwe Linux kwa mwezi mmoja, kwa kutumia flashi, kabla diski yake haijafutwa. Ya stoo inayohesabu magunia bila intaneti haina haraka. Na mashine iliyolemewa, kabla ya kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, iondolewe programu zisizotumika na iwekewe diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kinaichelewesha.

Kwa anayetunza hesabu kamili za kodi nchini Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeziweka kompyuta katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka kwa thamani inayobaki. Kompyuta ya shilingi 1,000,000 hubaki na shilingi 625,000 baada ya mwaka wa kwanza, shilingi 390,625 baada ya wa pili, na takriban shilingi 244,000 baada ya wa tatu. Daftari la kodi linaizeesha haraka, kazi inaizeesha taratibu. Kila mwaka ambao mashine inafanya kazi kwa usalama baada ya hapo ni faida isiyoandikwa popote, na ndiyo faida ambayo programu nene huila kimyakimya.

Mwekezaji mdogo naye ana swali la kupeleka katika mkutano wa mwaka wa wanahisa. Kampuni inayokiri kununua kompyuta mpya kwa wingi ieleze kama ilibanwa na kazi au na tarehe iliyopangwa na muuzaji. Jibu lake litaonyesha kama menejimenti inaongoza gharama au inaongozwa nazo.

Wauzaji wa mifumo endeshi hawataacha kujaza gunia kwa kuombwa. Waliwahi kupunguza mwaka 2008 kwa sababu mnunuzi alikuwa na gunia jingine mkononi. Lumbesa haijawahi kumalizwa na huruma ya mwenye kujaza. Humalizwa na mizani, na mizani ya mfanyabiashara ni daftari lake. Mali bila daftari, hupotea bila habari.